Wakwe Kwenye Nyumba ya Fungate

Nilipojifungua mtoto wetu wa pili, mwanzoni mwa mwaka 2018, mimi na mume wangu tuliwaombea viza mama yangu na mama yake kwa mpigo mmoja. Tulikuwa na hakika mmoja atanyimwa. Watanzania wenzetu wote wa Irving walituambia hivyo: ombeni wawili mpate mmoja. Tukakubaliana kwamba atakayebahatika ndiye atakayekuja kunikanda na kumlea mtoto, na mwenzake asinung'unike. Wakapata wote wawili.

Apatimenti yetu ilikuwa ya vyumba viwili, ghorofa ya juu, mahali ambapo ndege zinazoenda kutua zinapita karibu hadi vikombe vinagongana kabatini. Mama yangu tulimpa chumba cha binti yetu, mama mkwe tukampa chumba chetu, sisi wenyewe na watoto tukahamia sebuleni. Binti yetu alikuwa na miaka saba, na ili wasichanganyike aliwaita Bibi Muheza na Bibi Bukoba, kwa makwao. Nasi tukafuata.

Wakwe kuheshimiana si jambo geni. Lakini heshima ya hawa wawili ilikuwa karibu kutuua.

Bibi Bukoba, kwa desturi ya kwao, alisalimia kwa kupiga goti. Asubuhi ya kwanza mama yangu alishtuka kuona mtu wa rika lake anamshukia chini, naye akapiga goti. Bibi Bukoba kuona vile akashuka zaidi. Tangu siku hiyo kila nikitoka bafuni na mtoto kifuani nawakuta wote wawili kwenye zulia, wameshikana mikono.

"Inuka, mzazi mwenzangu."

"Inuka wewe kwanza, mzazi mwenzangu."

Na magoti yenyewe yalikuwa ya watu wenye wajukuu kibao. Zaidi ya mara moja mume wangu alichelewa kazini kwa sababu ya kuwainua.

Mezani ilikuwa hivyo hivyo. Nani aombe? Omba wewe, mzazi mwenzangu. La, wewe ndiye mgeni. Sote wageni hapa. Wali unapoa, mchuzi unaganda, mpaka binti yetu anachoka, anafumba macho na kuomba kwa Kiingereza mbio mbio, Amina, kijiko mkononi. Kisha wanaanza kugombea kutokula. Kipande cha mwisho cha kuku kilikuwa hakiliwi na mtu. Hakuna aliyekaa kwenye kochi kabla ya mwenzake, kwa hiyo walisimama sana.

Siku moja mama yangu alininong'oneza jikoni, "Mwenzangu hapendi upishi wangu. Anakula kama ndege. Labda nazi inamkera."

Siku hiyo hiyo mume wangu akaniambia, "Mama anasema mama yako hapendi ndizi zake. Anazigusagusa tu."

Nilipokwenda kutandika vitanda nikakuta pakiti ya biskuti chini ya mto wa huyu, na karanga kwenye mfuko chini ya mto wa yule. Kumbe wote wawili walikuwa wanashinda na njaa kwa adabu.

Hapo ndipo simu ya mdogo wangu ilipoingia kutoka Houston. Mdogo wangu ni nesi, na ni mtu wa vituko tangu utoto.

"Dada, mnataka kwenda safari?"

"Safari ya wapi?"

"Safari safari. Ya twiga. Iko huko huko kwenu, mkishapita Fort Worth."

Akanieleza. Alikuwa ame-book loji ndogo ya kifahari, ya mtu binafsi, yenye nyumba tatu tu na wanyama wanaotembea nje, kwa ajili ya fungate yake. Kisha akamtazama vizuri bwana harusi akaona hapana.

"Harusi nime-cancel. Loji hawakubali ku-cancel. Na usinionee huruma, Dada, nina furaha mpaka nacheka peke yangu garini. Nimeshawapigia, nimewaambia inakuja familia, wameongeza nyumba ya pili. Wapelekeni wale wazee wakapumue."

Mama yangu alipoambiwa alituangalia kana kwamba tumelewa. "Nitoke Tanzania nije kumtazama twiga Marekani?"

"Umewahi kumwona, mama?"

Akafikiri. "Nimemwona kwenye kanga."

"Mimi kwenye kitabu cha shule cha huyu mwanangu," alisema Bibi Bukoba, akimwonyesha mume wangu. "Kilichanwa ukurasa huo. Nilimwona shingo tu."

Tuliondoka Ijumaa asubuhi, mwezi wa Aprili, barabara zikiwa na maua ya buluu kandokando. Mabibi walikaa nyuma, kila mmoja amejibana kwenye mlango wake ili kumwachia mwenzake nafasi, binti yetu katikati amejinyoosha kama malkia. Tulipoipita Fort Worth niligeuka kuwauliza kama kuna anayetaka kwenda chooni. "Mimi hapana," alisema mama yangu, "labda mzazi mwenzangu." "Mimi sina shida," alisema Bibi Bukoba, "labda mzazi mwenzangu." Tukaendelea. Nchi ikaanza kupanda na kushuka, vilima vya mawe meupe na miti mifupi yenye kijani cheusi. Mwishowe binti yetu akasema kwa Kiingereza kwamba mabibi wote wawili wanatikisa miguu na yeye hawezi kulala. Mume wangu akakata kona kwenye kituo cha mafuta. Gari halijasimama vizuri milango miwili ikafunguka, na nikawaona wale mama wawili, waliokuwa hawawezi kupita mlangoni bila kusindikizana kwa maneno, wanakwenda kasi bega kwa bega, wameshika vitenge vyao kwa mbele. Mlangoni, hata hapo, wakasimama.

"Tangulia, mzazi mwenzangu."

"Siwezi kukutangulia, mzazi mwenzangu."

Nililazimika kushuka na kuwasukuma.

Loji ilikuwa mwisho wa barabara ya changarawe, nyuma ya geti refu. Walitupokea mzee mmoja mwenye kofia pana na mkewe, wenye mahali pale, watu wachangamfu wa kukumbatia. Mzee alipojua tumetoka Tanzania akafurahi sana, akasema basi tutajisikia tuko nyumbani. Mume wangu akatafsiri. Mama yangu akajibu, "Mwambie kwetu ni mjini." Hili mume wangu hakulitafsiri.

Mke wa mzee akasema nyumba nzuri kuliko zote amewawekea mama zetu. Akatutangulia, akafungua mlango, akasogea pembeni ili tuone vizuri.

Maua mekundu ya waridi yalikuwa yamepukuchuliwa na kumwagwa kuanzia mlangoni hadi kitandani, na kitandani yakamwagwa tena. Juu yake walikaa ndege wawili wa taulo wenye shingo ndefu, wamegusana midomo. Kulikuwa na mishumaa, na chupa kwenye ndoo ya barafu, na nje barazani beseni kubwa jeupe la kuogea watu wawili, limetazama bondeni. Mdogo wangu alikuwa amewaambia kila kitu isipokuwa kwamba fungate haipo tena. Au aliwaambia na hawakusikia. Au, na hili ndilo ninaloliamini, aliacha makusudi.

Mama yangu aliangalia yale maua sakafuni, akaweka mkono kifuani.

"Nani kafariki?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Kabla sijajibu, Bibi Bukoba alikuwa ameshamwendea mwenye nyumba. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akainamisha kichwa.

"Pole sana, mama. Ni mapenzi ya Mungu."

Yule mama wa watu, akidhani anashukuriwa, akatabasamu hadi magego yakaonekana, akasema kwa Kiingereza kwamba ni furaha yake. Mume wangu alitoka nje. Nilimwona kupitia dirishani, ameegemea gari, mabega yanatetemeka. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na sikuwa na pa kukimbilia.

"Si msiba," nikasema. "Ni mapambo ya fungate."

"Fungate ya nani?" aliuliza mama.

"Kwa sasa... yenu."

Hawakucheka. Nilitegemea wangecheka, lakini adabu iliwazuia. Waliangaliana kidogo, wakaangalia kitanda, kile kimoja tu, kipana kama uwanja, kisha kila mmoja akatafuta kitu kingine cha kuangalia. Tulipotaka kubadilishana nyumba wakakataa, wasije wakamsumbua mwenyeji. Nikapendekeza angalau maua yafagiliwe. Wakakataa pia. "Yaache tu," alisema Bibi Bukoba. "Mwenyewe amehangaika."

Asubuhi niliwapelekea chai. Niligonga, sikujibiwa, nikasukuma mlango taratibu. Kitanda kilikuwa kama tulivyokiacha: maua yamejaa, ndege wa taulo bado wamegusana midomo, shuka halina hata mkunjo. Bibi Bukoba alikuwa amelala ameketi kwenye kiti cha mkono, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri basi. Upande wa pili wa kitanda, chini kwenye zulia, mama yangu alikuwa amejifunika kanga gubigubi. Kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake kitanda, na hakuna aliyekubali kuachiwa.

Niliweka trei chini. Sikujua kama nicheke au nilie. Nikawaamsha, nikawaambia kifungua kinywa kinaletwa barazani, na kwamba kama leo watu watapigiana magoti mimi narudi Irving kwa miguu.

Baraza lile lilikuwa juu ya nguzo, kwa sababu nyumba yenyewe imejengwa kwenye mteremko. Tulikaa sote mezani. Kulikuwa na mayai, mikate ya moto, matunda, soseji, na hakuna aliyeanza. Mwenye nyumba akaleta kikapu cha majani ya saladi, akatuambia tungoje kidogo. Mama yangu akadhani ni mboga ya kifungua kinywa, akachukua jani moja kwa heshima akaanza kulitafuna.

"Omba, mzazi mwenzangu," alisema.

"Omba wewe, mzazi mwenzangu. Jana niliomba mimi."

"Jana aliomba mtoto."

Binti yetu hakuwa anawasikiliza. Alikuwa ametumbua macho, anaangalia nyuma ya kiti cha Bibi Bukoba. Kutoka chini ya baraza kilikuwa kinapanda kichwa. Kilipanda polepole, bila sauti, kama vile kuna mtu anakiinua kwa kamba: pembe mbili fupi zenye manyoya, masikio, macho makubwa yenye kope ambazo mwanamke yeyote angezitamani. Kikaja kikasimama juu ya reli, karibu kabisa na bega la mama mkwe wangu.

Bibi Bukoba alikuwa amejifunga kilemba cha kitenge cha kijani kibichi. Alikifunga vizuri siku zote, kwa mafundo ya juu. Sikuwahi kumwona bila kilemba tangu nilipoolewa; sidhani hata mume wangu alikumbuka nywele za mama yake zikoje. Twiga akakinusa. Akatoa ulimi, mweusi, mrefu, unaozunguka kama mkono unaotafuta kitu mfukoni, akauzungusha kwenye lile fundo, akavuta.

Kilemba kikaondoka chote.

Bibi Bukoba aliweka mikono kichwani. Akageuka, akakutana uso kwa uso na mnyama anayetafuna kitenge chake kwa utulivu, ncha moja inaning'inia mdomoni. Hakupiga kelele. Alichofanya ni kugeuka tena upande wetu, na usoni mwake niliona aibu kubwa mno: kichwa wazi mbele ya mkwe wake, na chini ya vile vilemba vyote kulikuwa na nywele chache, nyeupe, zilizosukwa vimkia vidogo sana vilivyosimama kila upande kama vya mtoto wa chekechea.

Mume wangu aliinamia sahani yake. Hapo mama yangu, bado na jani la saladi mdomoni, aliinua mkono, akakivua kitambaa chake mwenyewe, akakiweka mezani karibu na mayai. Naye nywele zake zilikuwa nyeupe pe, zimebanwa vifundo viwili pembeni, mithili ya zile pembe za twiga.

Wakatazamana.

"Mzazi mwenzangu," alisema Bibi Bukoba kwa upole, "kumbe na wewe."

Sijui nani alianza. Nadhani ni mama yangu, kwa sababu jani la saladi liliruka kutoka mdomoni mwake likatua kwenye chai. Alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia, chembamba, cha kupanda, kama cha msichana wa shule aliyebanwa na mwalimu. Bibi Bukoba akadakia kwa sauti nzito ya kutoka tumboni, akapiga meza, vijiko vikaruka. Wakajaribu kuacha. Wakaangaliana vichwa, wakaanza upya. Mama yangu alikuwa anamnyooshea kidole twiga na kusema, "Ana... ana... anakula..." na hakuweza kumaliza. Bibi Bukoba akateleza kwenye kiti hadi chini. Mama yangu akaenda kumwinua, naye akaanguka hapo hapo. Nikawaona tena wako sakafuni wameshikana mikono kama kila asubuhi, ila sasa hakuna aliyekuwa anamwambia mwenzake ainuke. Mtoto mchanga aliyekuwa mgongoni kwangu akaamka akaanza kucheka na yeye, bila kujua kinachochekwa. Binti yetu alikuwa anaruka kwa mguu mmoja. Mimi mbavu ziliniuma, na mume wangu alikuwa analia wazi wazi.

Mwenye nyumba alikuja mbio, amejishika mashavu, anaomba radhi. Akambembeleza twiga kwa saladi, akakirudisha kilemba kikiwa kimelowa na kupungua. Bibi Bukoba alikipokea kwa ncha za vidole, akakiangalia.

"Mwambieni amalizie tu," akasema, na vicheko vikaanza upya.

Kisha bila mtu kuomba, mama yangu alivuta sahani ya soseji upande wake. Bibi Bukoba akamnyang'anya mbili. Nilisahau hata sala.

Kutoka hapo tuliwapoteza. Mzee mwenye kofia alipokuja na lori lake la wazi kututembeza, walipanda kiti cha mbele wote wawili, vichwa wazi, upepo unawapuliza, sisi tukakaa nyuma kama mizigo. Walimkuta pundamilia wakampigia vigelegele. Walimkuta mbuni wakamwita kwa majina ya mashangazi zao. Mbele ya kundi la swala wakubwa Bibi Bukoba alitaka kujua kama yule mnene wa mwisho analiwa, na mume wangu aliposita kutafsiri, akamwonyesha mzee kwa vidole na mdomo. Mzee akacheka hadi lori likayumba. Hakujua neno la Kiswahili, nao hawakujua la Kiingereza zaidi ya "tenki yu", lakini walizungumza njia nzima.

Alasiri nilikwenda kuwaangalia nikawakuta barazani, wamekaa ukingoni mwa lile beseni la fungate, vitenge wamevikunja magotini, miguu wameitumbukiza kwenye maji ya moto. Walikuwa wamekusanya maua yote kutoka kitandani wakayamwaga majini. Ile chupa ya kwenye barafu, iliyokuwa juisi ya tufaa yenye mapovu, ilikuwa karibu kwisha.

"Mdogo wako," alisema mama yangu bila kugeuka, "amefanya vizuri kumwacha yule bwana."

"Angetuharibia," aliitikia Bibi Bukoba, akachezesha vidole vya miguu.

Nikawauliza kama wanahitaji kitu.

"Twiga," walisema kwa pamoja, wakaangukiana tena kwa kicheko.

Usiku huo kitanda kililaliwa. Asubuhi ndege mmoja wa taulo alikuwa amefumuliwa na kutumika, na mabibi walikuwa wanalaumiana nani amekoroma.

Safari ya kurudi waligombea dirisha lenye kivuli. Mume wangu alisimamishwa mara nyingi sana: choo, maji, choo tena, ng'ombe wenye pembe ndefu ambao lazima wapigwe picha. Nyumbani magoti yalikwisha. Badala yake zikaja kelele. Jikoni kwangu nikawa nasikia, "We mama, hii chumvi umetia au imekuponyoka?" na, "Ndizi haziungwi kwa nazi nyingi hivyo, utaziua." Kipande cha mwisho cha kuku sasa kilikuwa na vita. Kuna siku nilimwambia mume wangu nimeikumbuka kidogo ile heshima ya mwanzo. Akaniambia nisirudie kusema hivyo kwa sauti. Lakini wote wawili walinenepa, mtoto alinenepa, na mimi nilikandwa kwa mikono minne inayobishana juu ya moto wa maji.

Walirudi Tanzania kwa ndege moja. Tulipowaacha pale uwanjani walikuwa wanagombea nani ashike pasipoti zote mbili, na hawakugeuka kutupungia mpaka tulipowaita.

Mwaka uliofuata picha iliingia kwenye simu yangu nikiwa kazini. Aliyeituma ni shemeji yangu wa Bukoba, bila maelezo. Mama yangu alikuwa amekaa uani kwa Bibi Bukoba, mguu mmoja juu ya mwingine. Hakuwa ametuambia kama anasafiri. Alikuwa amevuka nchi nzima kwa basi, na siku zote mtu huyu husema basi la kwenda Tanga mjini linamchosha. Mkononi alishika bakuli la senene wa kukaanga, wale panzi wanaoliwa Bukoba, mmoja tayari ameshafika mdomoni, nusu nje, na mama mkwe wangu ameinama pembeni yake, amemshikilia bega, anamwangalia atafune.

Nilipiga simu hapo hapo, nikiwa bado na glavu za kazini.

"Mama! Uko Bukoba?"

"Niko," alisema, akitafuna. "Usinipigie sasa hivi, mwenzangu atanimalizia."